Bendera Mgongoni

Kiptere,
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mama Chepkurui,

Chamgei, hamjambo? Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na mtoto, na kile kikohozi chake kiwe kimeisha. Mimi ni mzima, ila goti linanikumbusha kila asubuhi kwamba mvua bado ipo. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, tunamshukuru Mungu.

Najua Kipkemoi akikupa hii bahasha utashtuka, utadhani kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Simu sipendi, unajua. Nikiongea kwa simu hapa, boma la jirani linaacha kazi lisikilize. Na kwa vile lori la majani linapita hapa kwa banda la chai, na dereva ni mtoto wangu mwenyewe, mbona nisiandike?

Jambo lenyewe ni hili. Kwaya yetu ya akina mama imeitwa kuimba siku ya Jamhuri, uwanjani Sosiot, mbele ya DCC, mkubwa wa serikali hapa kwetu Belgut, na wageni wake. Tumekubaliana tushone nguo mpya zenye bendera ya Kenya. Hatutaki kupepea vibendera vya karatasi kama watoto wa nasari. Tunataka bendera iwe kwa nguo yenyewe, mtu akituona ajue tumejipanga. Wenzangu walitaka yule fundi wa siku zote wa Sosiot, anayeshona gauni la kipimo kimoja kwa mnene na kwa mwembamba. Mimi nikasema kijana wangu ana mtu pale Kericho mjini anayeshona. Chepyegon, yule wa sauti ya kwanza, akaniuliza mbele ya wote, "Mtu gani, Janeffer? Ni mke ama ni mgeni?" Nikamwambia ni fundi.

Sasa jina langu liko hapo. Ukikubali, andika. Ukikataa pia andika, lakini ujue nitakuwa nimeaibika bure.

Mtoto umwambie kogo wake, huyu nyanya yake, anataka akuje aone ndama.

Kogo wa Chepkurui

*

Kericho mjini,
Ijumaa, 8 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Pole na goti. Kikohozi cha mtoto kimeisha na tangu asikie habari ya ndama hatulali, anataka tupande lori twende. Kipkemoi naye yuko salama, anakula kama kawaida yake, wewe unamjua.

Mama, nimekubali! Nilikubali kabla sijamaliza kusoma. Nilisoma barua nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Nimepata kitambaa kizuri sana, kizito kidogo, hakitoi rangi. Kimechapwa bendera, nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na mistari myeupe, na ngao yetu na mikuki yake miwili katikati. Nikishona gauni zima kwa kitambaa hicho mtaonekana kama hema la mkutano. Kwa hivyo nimefikiri hivi: gauni liwe la kijani ya majani ya chai, hadi chini ya goti, na bendera moja kubwa kifuani na nyingine mgongoni, kutoka mabegani mpaka mbavuni. Nawajua mnavyocheza. Nusu ya wimbo mnakuwa mmegeuka, watu wanaona migongo tu. Fundi akisahau mgongo amewaacha nusu uchi.

Natuma futi ya kupimia. Pima kila mama kifua, kiuno, mkono na urefu. Tafadhali usiwaulize, wapime.

Kuna kitu kingine, mama, na nisipokiandika leo sitakiandika tena. Kila nikienda Sondu kumwona baba ananiuliza, "Akello, hao watu wa Kiptere watakuja lini?" Mwaka wa tatu huu niko na Kipkemoi na tuna mtoto, na baba hajaona hata mguu mmoja wa mtu wa kwenu mlangoni kwake. Hakasiriki. Anauliza tu, halafu anaendelea kumenya muwa. Hiyo inaniumiza kuliko angenigombeza. Sikulaumu, mama. Nimesema tu.

Nitashona hizi nguo kwa moyo wangu wote.

Mama Chepkurui

*

Kiptere,
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mama Chepkurui,

Salamu kutoka huku kwenye matope. Sote wazima. Nimeandika vipimo kwa ile karatasi nyingine, vyote ni vya kweli, nimevitafuta kwa jasho. Kila mama nikimpima kiuno anavuta pumzi ndani mpaka macho yanatoka. Nikawaambia, sawa, basi mtaimba bila kupumua. Wakaachilia. Chepyegon ndiye alinisumbua zaidi, lakini umtazamie mikono. Huyo amekamua ng'ombe maisha yake yote, ana mkono wa mwanaume, na kila gauni analoshonewa linambana kwapani. Amezoea kuimba akiwa ameumia.

Chifu alikuja kwa mazoezi. Amefurahi kusikia habari ya bendera lakini ametuonya. Mwaka huu vijana wameivaa bendera barabarani kwa maandamano, na wakubwa sasa wanaiangalia bendera kwa macho mengine. Akasema isiraruke, isichafuke, isikae vibaya, kwa sababu ikikaa vibaya mtu atasema kina mama wa Belgut wanatuma ujumbe. Nikamwambia fundi wetu ni wa kuaminika. Nimekuambia ili ujue.

Sasa hilo lingine. Umeuliza vizuri nami nitakujibu vizuri. Mimi si adui yako. Lakini tangu baba Kipkemoi alale kaburini, mkubwa wa boma ni shemeji yangu Noah, yule aliyekuwa polisi wa utawala. Bila yeye hakuna safari ya kwenda kwa wakwe. Na kila nikimgusia ananiambia neno lile lile: "Tutaenda vipi kumwomba baba wa watu mtoto ambaye tayari anapika kwa jiko letu? Tukifika pale tutasema tumekuja kufanya nini?" Mimi namjibu, nyakati zimebadilika. Yeye anasema nyakati zibadilike, yeye hataenda kuomba kitu ambacho tayari ameshika mkononi. Ni mgumu huyo mzee, haki ya nani.

Kwa hivyo shona. Hizo nguo zikikaa vizuri nitakuwa na mdomo wa kumwambia kitu.

Kogo wa Chepkurui

*

Kericho mjini,
Jumatano, 4 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Mko salama? Sisi wazima, ila vidole vyangu vimekuwa kama vya mchuma chai.

Nimemaliza! Mafurushi yako kwa lori, Kipkemoi atakushushia bandani. Kila gauni nimeliwekea jina la mwenyewe kwa kipande cha karatasi. La Chepyegon nimelipa mkono mpana na kipande cha ziada kwapani, ainue mikono mpaka mbinguni akitaka. Nilipiga pasi moja moja na kuzikunja kifua juu, bendera ionekane mtu akifungua tu.

Mimi pia nimejishonea moja kwa mabaki. Nitakuja Sosiot nimeivaa, nisimame kwa watu, niwatazame.

Mama, sijawahi kufurahia kazi namna hii.

Mama Chepkurui

*

Kericho mjini,
Ijumaa, 6 Desemba 2024

Mama,

Nisamehe, leo sina salamu. Kama mafurushi hayajafunguliwa, usiyafungue. Kama yamefunguliwa, yafunge.

Nimeharibu. Ngoja nieleze. Kipande cha kifua na cha mgongo ni saizi moja. Kwa hivyo nilikunja kitambaa mwisho kwa mwisho nikavikata vyote viwili pamoja, na ndivyo nimekata tangu nijue kushika mkasi. Kwa kitambaa cha maua hakuna shida, maua hayana kichwa wala miguu. Lakini bendera ina juu na chini. Ukikunja hivyo, kipande cha juu kinasimama na cha chini kinapinduka. Kifuani bendera iko sawa. Mgongoni, kwa kila gauni, kijani iko juu, nyeusi iko chini, na mikuki inatazama ardhi.

Utaniuliza kwani nilikuwa kipofu. Nguo ikiwa kwa cherehani imegeuzwa ndani nje, unafuata mshono tu. Na wakati wa pasi nilikuwa naangalia kifua. Leo Nyagaka wa saluni mlango wa pili alinisuka. Alipomaliza akashika kioo kidogo nyuma yangu nione kisogo kwa kile kioo kikubwa cha mbele. Nilikuwa nimevaa ile nguo yangu. Nywele hata sikuziona. Niliona mikuki ikiingia kiunoni kwangu, nikapiga kelele mpaka mteja mwingine akamwaga chai.

Mama, siku zilizobaki hazitoshi kufumua na kushona upya nguo zote hizo. Nimehesabu kila namna, hazitoshi. Na chifu alishasema. Mkisimama mbele ya DCC na bendera kichwa chini, nani ataamini ni mkasi? Watasema ni siasa. Watauliza ni nani alishona, na mtu atajibu, ni yule Mjaluo, yule wa ziwani. Wewe ulinisimamia mbele ya Chepyegon, nami nimekufanyia hivi.

Vaeni gauni za zamani. Waambie fundi alishindwa. Usiwaambie zaidi, kama unaweza.

Akello

*

Kericho mjini,
Jumatano, 11 Desemba 2024

Mama,

Nimesubiri jibu lako. Kipkemoi alipitia kwako Jumapili, nikajua angeniletea neno. Kutoka huko wenye lori wakampeleka Bomet moja kwa moja na lori, wiki nzima. Nikimpigia anasema, "Mama yuko sawa," hajui kitu, na sijamwambia. Simu yako haipatikani. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa "mteja hapatikani" nimemchoka kama jirani mbaya.

Nimeelewa. Hata mimi ningekuwa wewe sijui ningeandika nini.

Kesho siji Sosiot. Nachukua mtoto naenda kwa baba, Sondu. Usidhani nimemwacha mwanao, nampenda, na hajanikosea. Ni kwamba siwezi kukaa mahali ambapo nikipita watu watageuza shingo. Nimempa dereva mwenzake Kipkemoi barua hii aiache bandani.

Goti ulitunze.

Akello

*

Kiptere,
Ijumaa, 13 Desemba 2024

Akello mwanangu,

Wewe mtoto wewe! Keti chini. Umeketi? Basi soma pole pole, yote ni mazuri.

Kwanza ujue nilikuandikia. Jumapili ile ile, kurasa mbili, nikamwekea Kipkemoi mkononi. Jana aliporudi kutoka Bomet kwa sikukuu nimemuuliza barua ilikwenda wapi. Anakuna kichwa. Ilikuwa chini ya kiti cha lori, imelaliwa na kitambaa cha kupangusia kioo! Nimemchapa kwa maneno, mtu mzima mwenye ndevu, mpaka akaomba maji. Na simu yangu ilianguka kwa ndoo ya maziwa, ndiyo maana. Iko ndani ya mchele mpaka leo. Yako ya Jumatano nayo nimeipata jana jioni, ulikuwa umeshaondoka.

Sasa ngoja nikwambie yaliyotokea.

Mafurushi niliyafungua Alhamisi, na mgongo niliuona hapo hapo. Ai! Nilikaa juu ya gunia la mahindi kama mtu aliyepigwa. Ijumaa yote nilikuwa nafikiri nitakuandikia vipi bila kukuvunja moyo, halafu Jumamosi ikaja barua yako, nikaona mtoto mwenyewe ameshajivunja. Jumapili baada ya ibada nikawaita akina mama kwa ule ukumbi wa nyuma, nikawaambia, vaeni kwanza, tutaongea baadaye. Niliwatega, nakubali. Nilitaka nguo ziwaingie mwilini kabla ya maneno.

Akello, wangekuwa mbele yako ungelia. Hakuna aliyebanwa. Wanawake waliozoea kuvaa magunia ya yule fundi wa Sosiot walikuwa wanajishika viuno wakizunguka kama wasichana wa darasa la nane. Chepyegon aliinua mikono yote miwili, akashusha, akainua tena, akakaa kimya. Huyo hukaa kimya akilala tu.

Halafu wakageukiana, wakaona. Kelele! Mmoja anasema tutafungwa. Mwingine anasema si tulisema tupeleke kwa fundi wetu. Mwingine anasema huyo wa ziwani amefanya makusudi. Hapo nilisimama. Nikawaambia, "Huyo wa ziwani ni mtoto wa nyumba yangu. Amekosea mkasi. Mwenye kesi aniletee mimi." Sikuwa nimepanga kusema hivyo, ilitoka tu, na ilipotoka nikaona ni kweli. Nikasema tuvae gauni za zamani, tumalize. Chepyegon akasema, "Nani avue? Mimi siivui hii. Mtanizika nayo." Akainama kufunga kiatu chake akiwa bado ananigombeza.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikaona mgongo wake kutoka upande wa kichwa. Nyeusi juu. Kijani chini. Mikuki inatazama mbinguni! Nikapiga kelele, "Chepyegon, usiinuke! Kaa hivyo hivyo!" Akadhani kuna nyoka. Wengine wakakimbia mbele, wakaona, ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nguo yako, mwanangu, iko sawa kabisa, ila inataka mtu ainame.

Chepyegon akiwa bado ameinama anasema yeye anainama mbele za Mungu peke yake, si mbele ya DCC. Nikamwambia, kwani bandani huwa unamwinamia nani ukimwaga majani? Hapo ndipo tulipopata mchezo wetu. Tutaingia na vikapu vya chai mgongoni, vinafunika kila kitu. Tutachuma, tutazunguka, tutaimba. Mwisho tutamtazama DCC, tutashusha vikapu mbele yetu, na tutainama sote pamoja kumwaga majani kwa turubai. Halafu vikapu mgongoni, tutoke.

Jana ikafika. Jua zuri, watu wamejaa, chifu na kofia yake. Nilikuwa naomba ndani kwa ndani huku naimba. Tulichuma, tukazunguka, vikapu havikutikisika. Tukaja mbele ya DCC, tukashusha. Nyuma yetu kulikuwa tu na ua wa shule na ng'ombe wa watu wakila, hao ndio waliona bendera kichwa chini, na hawajasema kitu. Tukainama. Mwanangu, bendera zote zikafunguka mara moja mbele ya wageni, nyeusi juu, sawasawa! Watu walipiga makofi kabla majani hayajagusa turubai. DCC alisimama. Kwa hotuba yake akasema sherehe amehudhuria nyingi lakini hajaona vazi lililofikiriwa namna hiyo, na angependa kumjua fundi. Chifu akanionyesha kidole gumba, yeye aliyenitisha!

Ngoja, haijaisha. Tulipokuwa tunatoka kamba ya kikapu cha Chepyegon ikakatika. Kikapu chini, mgongo wazi, na uwanja mzima umemtazama. Nilirusha miguu, goti au si goti, nikajibandika nyuma yake, kifua changu kwa mgongo wake, nikimfuata kama ndama anayetafuta kunyonya. Tulitembea hivyo mpaka nyuma ya hema huku tunaimba. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka, wakapiga makofi tena. Nyuma ya hema tukaanguka kwa nyasi sote wawili, tukacheka mpaka machozi. Chepyegon akaniambia, "Mwambie huyo binti yako aje anipime nyingine." Umesikia alivyosema.

Sasa Noah. Alikuwa ameketi mbele na wazee. Jana hiyo hiyo alikuja kwangu kunywa chai. Kikombe cha pili ndipo akauliza, "Janeffer, ile bendera ya yule mama mnene ilikuwa imekaaje?" Nikajifanya sijasikia. Akasema, "Mimi nimepandisha bendera kambini maisha yangu yote ya kazi. Unafikiri sijui juu na chini?" Chai ikanipalia. Nikamweleza yote, mkasi, kioo cha saluni, lori, yote. Nikamwambia na ulivyokimbilia Sondu kwa aibu. Nilifikiri atasema, si niliwaambia.

Akaniuliza, "Kwa hivyo mtoto yuko kwa baba yake?" Nikasema ndiyo. "Na mjukuu wetu?" Ndiyo. "Hapiki kwa jiko letu?" Nikasema hapiki. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Nimekuona leo na mguu mbovu umeikinga kazi ya huyo mtoto mbele ya serikali. Mtu wa nje huwezi kumkingia hivyo. Na sasa yuko kwao, kwa mlango wa baba yake, vile inavyotakiwa. Basi tunangoja nini? Twende tukamwombe."

Akello, nilimkumbatia shemeji yangu, jambo ambalo sijafanya tangu mazishi.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Usirudi Kericho. Usisogee. Hata Kipkemoi akikuja na maua, mfungie mlango. Kaa hapo hapo kwa baba yako, Mzee Joab, mpaka sisi tufike kwa miguu yetu, tukuchukue kwa heshima. Tumesema Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, kama baba yako atakubali. Muulize, uniandikie. Barua hii anakuletea Nyang'au, yule muuza ndizi, anapitia Sondu, mpe jibu kwa mkono wake. Kipkemoi simwamini tena na karatasi.

Kongoi, asante mwanangu. Kongoi mising, asante sana.

Mama

*

Sondu,
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mama yangu,

Sijui nianzie wapi. Uko salama? Goti je, baada ya hizo mbio? Nimesoma barua yako mara nyingi, karatasi imelegea. Pale pa Chepyegon kuinama nilicheka peke yangu jikoni mpaka mtoto akaniuliza, "Mama, unalia ama unacheka?" Nikamwambia vyote.

Siku zile za kungoja nilikuwa nimebeba jiwe, mama. Nilikuwa hata siwezi kushika sindano. Nyang'au alipoita jina langu kule barabarani nilitaka kujificha. Sasa nimelala usingizi wa kweli, wa kuamshwa na kuku.

Baba nilimsomea ile sehemu ya tarehe. Alikuwa anamenya muwa. Akaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena. Akafuta kisu, akaingia ndani, nikasikia anasogeza viti. Alirudi akaniuliza kama watu wa Kiptere wanakula samaki ama tutafute mbuzi. Nikasema wote. Akasema, "Nyathina, mwanangu, tarehe ishirini na nane ni sawa," na akaenda kumwambia jirani, na jirani mwingine, na sasa hivi Sondu nzima inajua. Mabati ya mbele anapaka rangi leo. Amekataa kusaidiwa.

Pia nilimweleza kosa langu la bendera. Sikutaka alisikie kwa watu. Alifanya kazi kwa kiwanda cha chai miaka mingi, mtu mkali wa kazi, nikajua atanisema. Alicheka akashika mbavu. Anataka kumwona huyo Chepyegon.

Kipkemoi alikuja jana. Nilimfungia mlango vile ulivyosema. Tuliongea kupitia dirishani, akaniomba msamaha wa barua, akambusu mtoto kupitia hapo hapo, akaenda. Nilimhurumia, lakini nilifurahi pia, usimwambie.

Mama, ombi moja. Zileteni hizo nguo zote siku hiyo, ama mnitumie mapema kwa Nyang'au. Shangazi yangu Beldina ana cherehani hapa. Nitafumua migongo yote, nigeuze, nishone upya, na sitadai kitu. Kazi yangu isitembee hivyo. Naona aibu nikifikiria mkiingia kwa boma la baba mkiwa na vikapu mgongoni kwa sababu yangu.

Binti yako,
Akello

*

Kiptere,
Alhamisi, 19 Desemba 2024

Akello mwanangu,

Salamu kwa Mzee Joab na Beldina na wote hapo. Mwambie mzee apake rangi pole pole, asianguke, tunamhitaji. Sisi wazima. Ndama anakunywa vizuri. Noah amenyoa ndevu na anafanya mazoezi ya hotuba yake zizini, ng'ombe wameshaikariri.

Kuhusu nguo: niliwauliza akina mama jana nani anarudisha yake kwa fundi, hakuna aliyeinua mkono. Nikawashinikiza. Wamekubali baada ya Krismasi, baada ya safari ya kwenu, Januari huko. Siku hiyo watakuja nazo. Vikapu tunaacha, tutakuwa na mizigo mingine ya kubeba. Na tukifika mlangoni hatutainama, tutaingia tumesimama wima, mgongo mtu aone vile ulivyo. Mimi ndiye nitakuwa wa mbele.

Na watu wa kwenu wakituuliza ni fundi gani aliyetuvalisha bendera kichwa chini, nitawaambia ni binti yetu, na ndiye tumemfuata.

Mama yako,
Janeffer